Kukamata picha za safari na kuzitengeneza: ya kujua kwa mwenye kuanza

Mfanyabiashara anayetoka Butembo kwenda Kisangani, mwanafunzi anayerudi Uvira wakati wa likizo, mama anayevuka Ziwa Kivu kwenda kwenye ndoa kule Bukavu: karibu wote wanabeba telefone yenye kamera. Wakifika nyumbani wanaonyesha picha, na mara mingi sura za watu ni nyeusi, ziwa limekuwa jeupe kama karatasi, na mlima umeinama sawa vile unataka kuanguka. Wengi wanasema telefone njo mbaya. Hapana. Telefone za siku hizi, hata zile za bei ya chini, zinaweza kutoa picha nzuri ya safari. Kinachokosekana ni kujua mwangaza, kujua vitu vichache vya kugusa ndani ya kamera, na kujua namna ya kutengeneza picha kisha kuikamata. Na huku mashariki kuna jambo lingine la maana zaidi: kujua fasi gani picha inaweza kuleta matata, kwa yule aliyeikamata ao kwa yule anayeonekana ndani yake.

Kifaa: megapikseli si yote

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na injinia Steven Sasson katika kampuni ya Kodak, Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3,6, picha yake ilikuwa ya pikseli 10 000 tu, tena ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Leo telefone ya kawaida inakuwa na megapikseli 12 ao zaidi, ni kusema vinukta milioni 12 vya rangi ndani ya picha moja. Wauzaji wanapenda kutaja hesabu hiyo. Lakini kwa kutoa picha kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile ambayo watu wanaweka ndani ya albamu, megapikseli 2 na kidogo zinatosha. Kwa hiyo mwenye telefone ya megapikseli 8 asilie.

Kinachoharibu picha zaidi ni vidole viwili vinavyovuta kioo ili kitu kionekane karibu. Telefone mingi hazina lensi ya kuvuta mbali. Zinakata tu sehemu ya katikati na kuipanua. Mwenye kuvuta mara 4 kwa telefone ya megapikseli 12 anabaki na chini ya megapikseli moja, na ndiyo sababu kiboko wa Ziwa Edward anageuka kuwa jiwe la kijivu. Njia nzuri ni kutembea hatua chache mbele kama ni salama. Kwa kiboko si salama, basi picha ibaki ya ziwa lote, na kiboko awe kitu kidogo ndani yake.

Kabla ya yote, lensi ipanguswe. Inachekesha, lakini vumbi ya njia ya Sake na mafuta ya vidole vinaharibu picha mingi kuliko ubovu wa kamera. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Shati lenye mchanga linakwaruza kioo.

Anayetaka kununua kamera yenyewe, hata ya okasio, aangalie kwanza batri na chaja. Kamera nzuri isiyo na chaja yake ni mzigo tu, hasa kwenye miji ambako umeme unakatika siku mbili. Kisha aangalie lensi kwa kuielekeza kwenye mwangaza: uyoga mdogo unaofanana na nyuzi za buibui unaota ndani ya lensi zilizokaa fasi yenye unyevu, na kuutoa ni kazi ya fundi.

Mwangaza wa Ikweta

Vitabu vingi vya picha vinaandikwa Ulaya, na vinasema jioni jua linashuka polepole, mtu anakuwa na saa nzima ya mwangaza wa dhahabu. Huku si hivyo. Mstari wa Ikweta unapita karibu na Butembo. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na linashuka wima. Likisha zama, giza linaingia kwa dakika 20 na kidogo tu. Mwangaza mzuri, ule wa pembeni, wenye rangi ya moto, unaopa milima ya Masisi umbo lake, unapatikana mpaka kama saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Anayefika fasi saa sita ya mchana atakuta jua juu ya kichwa: macho ya watu yanaingia ndani ya kivuli cheusi, pua inakuwa na kivuli juu ya midomo, majani yote yanang'aa bila rangi. Saa ile ni heri kuweka watu chini ya baraza ao mti, uso ukielekea fasi yenye mwangaza, ao kukamata picha za soko lenye paa.

Mawingu si adui. Mwangaza wa mawingu ni laini, unafaa sana kwa sura. Kinachobaki kibaya siku ya mawingu ni anga lenyewe, basi likatwe nje ya picha.

Sura nyeusi ndani ya picha ni shida ya kila mtu. Kamera haijui kama inaangalia mtu ao ukuta. Inapima mwangaza wote na kutafuta kijivu cha katikati. Mtu akisimama mbele ya ziwa linalong'aa, kamera inaona mwangaza mwingi, inapunguza, na uso unageuka makaa. Dawa yake ni rahisi: kugusa uso wa mtu juu ya kioo cha telefone. Kamera itapima hapo. Kwa telefone mingi, alama ya jua kidogo inatokea pembeni. Mtu akiisukuma juu picha inaongezeka mwangaza, akiishusha inapungua. Anga litakuwa jeupe kidogo, lakini mtu ataonekana, na kwenye picha ya familia mtu njo ya maana.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kinyume kwenye mawe ya volkano. Barabara za Goma na uwanja wa lava ni nyeusi, kamera inafikiri ni giza na inaongeza mwangaza, lava inakuwa kijivu. Pale alama ya jua ishushwe. Ukungu wa asubuhi kwenye milima ya Lubero ni kinyume: ni mweupe, kamera inautia giza, basi alama ipandishwe.

Shida ya ngozi nyeusi ina historia yake pia. Kwa miaka mingi, maabara za filamu zilipima rangi kwa kutumia kadi ya mwanamke mzungu, ile iliyoitwa kadi ya Shirley, na filamu zilitengenezwa kufuata ngozi yake. Mwaka 2021 Google ilitoa Pixel 6 na kutangaza kwamba kamera yake imefundishwa upya kwa ngozi za rangi zote. Telefone zingine bado zinang'arisha ngozi bila kuulizwa, kwa kazi inayoitwa urembo ao «beauté» ndani ya kamera. Kazi hiyo izimwe. Mtu atoke na rangi yake.

Neno moja la usalama kwa wale wanaoamka mapema kutafuta mwangaza mzuri kandokando ya Goma na Sake. Mazuku, ile hewa mbaya ya gazi karboniki inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida na inajikusanya ndani ya mashimo na mabonde madogo usiku, wakati hakuna upepo. Asubuhi mapema, saa ile ile ambayo picha ni nzuri, njo saa ambayo inaua. Haina rangi. Mtu asishuke ndani ya shimo la lava kukamata picha bila kuuliza wakaaji wa pale. Wao wanajua mashimo yote, na mbuzi waliokufa wanaonyesha mengine.

Vitu vinavyotembea

Chukudu inayoshuka mteremko na magunia ya makala, motari mwenye abiria watatu, mawimbi yanayopiga boti: hivi vyote vinatoka kama moshi kama kamera inafungua mlango wake polepole. Kwenye kamera ao telefone yenye sehemu ya «Pro», mwendo uwekwe 1/500 ya sekunde ao haraka zaidi. Kukiwa mwangaza kidogo, ISO ipandishwe. Picha itakuwa na chembechembe kama mchanga, lakini chembechembe ni bora kuliko moshi. Kwa telefone isiyo na sehemu hiyo, ni kukamata picha mingi mfululizo mchana na kuchagua moja. Njia nyingine ni kugeuka pamoja na chukudu kwa mwendo wake wakati wa kukamata: chukudu inabaki wazi na nyuma yake inakuwa mistari. Inashinda mara moja kwa kumi, lakini ile moja inapendeza.

Usiku, mwangaza mwekundu wa Nyiragongo unapoonekana juu ya mji, mkono wa mtu hautoshi. Telefone iegemezwe kwenye ukuta ao jiwe, saa ya kuchelewesha iwekwe sekunde 3 ili kidole kisiitikise, na flashi izimwe. Flashi inafika mita tatu ao nne. Volkano iko mbali zaidi.

Ndani ya boti, wasafiri wasisimame wote upande mmoja kuangalia Idjwi. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wengi wakafa, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Picha inakamatwa mtu akiwa amekaa, jile limefungwa, telefone imefungwa kamba kwenye mkono.

Watu, barieri, na picha zisizofaa kukamatwa

Hapa njo fasi ambayo mwenye kuanza anahitaji akili zaidi kuliko kamera.

Mtu aombwe ruhusa. Si lazima maneno mingi: «Mama, tafazali, naweza kamata foto yako na hizi sambaza? Ni ya kuonyesha ndugu zangu.» Mama akisema «Apana, mwana», ni apana, hakuna kuzunguka nyuma ya meza na kukamata kwa kificho. Kwa wazee, salamu inatangulia, na telefone inabaki mfukoni mpaka salamu iishe. Kwa mtoto, mzazi njo anajibu. Kwenye kijiji, kujitambulisha kwa shefu ao kwa nyumba-kumi kunaepusha mambo mengi. Na ahadi ya kutuma picha itimizwe. Sehemu zingine watu wamechoka na wageni waliosema «nitakutumia» na hawakutuma hata moja.

Wahami wa vita ndani ya kambi, wagonjwa, na wale waliopatwa na ubakaji hawako vitu vya kukumbuka safari. Hata kama mtu amekubali, akiwa na njaa na mgeni amebeba kitu mkononi, kukubali kwake hakuna uzito. Sheria ya kidijitali ya Kongo, ile ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ina sehemu juu ya kulinda habari za kibinafsi za watu. Lakini hata bila sheria mtu anaweza kujiuliza kama angependa mama yake mzazi aonekane vile kwenye statu ya WhatsApp ya mtu asiyemjua.

Askari, mtu yeyote mwenye silaha, barieri, kambi, mpaka, daraja, uwanja wa ndege, ofisi za serikali: telefone ibaki chini. Haijalishi nani anashika fasi siku ile. Hata picha ya ndizi, kama nyuma yake kuna barieri, inaweza kufanya msafiri ashushwe kwenye basi, telefone ichukuliwe, na picha zote ziangaliwe moja moja. Akiulizwa, ajibu kwa heshima, na akubali kufuta. Hakuna picha ya kubishania pale. Karibu na barieri mtu asishike telefone usawa wa kifua hata kama anasoma ujumbe tu. Kutoka mbali inaonekana sawa vile anakamata picha.

Kisha kuna kitu ambacho hakionekani. Kila picha ya dijitali inabeba ndani yake habari zinazoitwa EXIF: saa, tarehe, aina ya telefone, na kama GPS iko wazi, fasi yenyewe kwa kukosea mita chache tu. Picha ya shangazi aliyekimbia na kujificha kwa rafiki inaweza kuonyesha nyumba ile kwa mtu yeyote anayepokea faili. Ndani ya mipangilio ya kamera kuna neno «Lokalizasiyo» ao «Mahali». Lizimwe kabla ya safari. WhatsApp inaondoa habari hizo picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama dokima inaziacha zote ndani. Na hata bila GPS, kibao cha shule, yunifomu, ao umbo la mlima nyuma ya nyumba vinasema mingi kwa mtu anayejua eneo.

Kama sura inapaswa kufichwa, kuikata nje ya picha njo bora. Ikishindikana, ifunikwe kwa rangi nzito, si kwa ukungu mwepesi ambao unaacha sura ikijulikana. Aplikasiyo ya Signal ina kifaa cha kuficha sura, na inaweza kutumika hata kama mtu hataki kutumia Signal kwa kuongea.

Kutengeneza picha

Aplikasiyo ya kuanzia nayo ni Snapseed, ya Google. Ni ya bure, inaweza kuleta picha bila kuharibu ile ya asili, na ikisha pakuliwa inafanya kazi bila mega, jambo ambalo ni la maana kwa mtu aliye Walikale ao Shabunda. Lightroom ya Adobe ni nzuri pia, ina sehemu za bure na zingine za kulipa. Mwenye kompyuta anaweza kutumia GIMP ao darktable, zote mbili bila kulipa.

Kwanza, kunyoosha. Maji ya ziwa hayainami. Mstari wake ulazwe sawasawa. Hii peke yake inaokoa nusu ya picha za safari. Pili, kukata: kikapu cha takataka pembeni, nusu ya mtu aliyepita, anga tupu. Wengi wanafundishwa kugawa picha kwa mistari miwili na miwili, na kuweka kitu cha maana pale mistari inakutana, si katikati. Ni kanuni nzuri ya kuanza nayo, lakini uso wa mzee unaoangalia moja kwa moja unakaa vizuri katikati pia.

Tatu ni mwangaza. Ndani ya Snapseed, kuna sehemu ya kurekebisha yenye vivuli na sehemu zenye kung'aa peke yao. Vivuli vikipandishwa kidogo, uso uliokuwa mweusi unarudi. Sehemu zenye kung'aa zikishushwa, mawingu yanaonekana tena. Kidogo, kweli kidogo. Vivuli vikipandishwa sana, picha inakuwa kama imemwagiwa majivu. Na kile kilichokuwa jeupe kabisa tangu mwanzo hakirudi. Hakuna habari pale. Kwa sababu hiyo, picha yenye giza kidogo inatengenezeka kuliko picha iliyoungua.

Nne, rangi. Picha iliyokamatwa ndani ya nyumba kwa taa ya zamani inatoka ya manjano, na ile ya kivulini inatoka ya buluu, sababu macho ya mtu yanazoea rangi ya taa lakini kamera inaweza kukosea. Sehemu ya kurekebisha nyeupe inasawazisha: mtu anatafuta kitu anachojua ni cheupe, shati ao sahani, na anasogeza mpaka kiwe cheupe. Kisha, kuongeza nguvu ya rangi. Hapa njo vijana wengi wanapotelea. Majani ya Kahuzi-Biega ni ya kijani ya kutosha, hayahitaji kuwa ya kijani kama chupa ya limonade.

Kuna kutengeneza, na kuna kudanganya. Kuondoa doa la vumbi kwenye lensi ni kutengeneza. Kuongeza moshi juu ya volkano, kuondoa mtu aliyekuwa pale, ao kutuma picha ya mwaka jana kama ya leo asubuhi, ni kitu kingine. Kwenye eneo ambalo habari moja ya uongo inafanya mtaa mzima ukimbie usiku, picha iliyogeuzwa haibaki mchezo. Hii haisemi kwamba kuunganisha picha ni kosa. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alijulikana kwa kazi yake «Mémoire», ambamo alikata watu wa picha za wakati wa ukoloni na kuwaweka mbele ya mitambo ya madini iliyoachwa huko Katanga. Kila anayeangalia anajua ni picha mbili zimeunganishwa, na maana iko pale pale kwenye kuunganishwa. Baloji ni mmoja wa walioanzisha huko Lubumbashi, mwaka 2008, mkutano wa sanaa ambao jina lake ni la Kiswahili: Picha.

Kuweka, kutuma, kutoa kwenye karatasi

Picha moja ya megapikseli 12 inachukua kama mega 3 mpaka 5. Kadi ya memori ya giga 32 inaweza kubeba picha elfu kadhaa, lakini kadi za uongo ziko mingi sokoni: zinaandikwa giga 64 na zinabeba 8, kisha zinameza zingine zote. Kadi mpya ijazwe na kusomwa kabla ya safari. Faili za RAW zinaacha fasi kubwa ya kutengeneza, ila ni nzito mara kadhaa kuliko JPEG. Mwenye kuanza azisahau kwanza.

Picha ya maana ikae fasi mbili: ndani ya telefone, na kwenye kadi ao diski inayobaki nyumbani. Telefone inaibiwa, inaanguka ndani ya maji, inachukuliwa njiani. Mwenye intaneti nzuri anaweza kupandisha kwenye Google Photos usiku, wakati forfe ya mega ni ya bei ya chini.

WhatsApp inapunguza picha sana. Kwa statu haina neno, lakini picha ya kupeleka kwa mwenye labo itumwe kama dokima, kisha GPS iwe imezimwa tangu mwanzo, kwa sababu iliyosemwa juu. Mwenye labo aulizwe asikate pembe: picha ya telefone mara mingi ni ya kipimo cha 4 kwa 3, na karatasi ya 10 kwa 15 ni 3 kwa 2, basi mashine inakata juu na chini, na vichwa vya wale waliosimama nyuma vinaondoka. Heri kuikata mwenyewe ndani ya Snapseed, kwa kipimo cha 3:2, kabla ya kuipeleka.